Ulimi Usioguswa

SEHEMU YA KWANZA

Babu mzaa mama aliniwekea sharti moja tu.

“Mjukuu wangu, ndimi hizi za mbele zipige utakavyo. Hizi za nyuma usiziguse.”

Tulikuwa chini ya mbuyu, upande wa Ugogoni alikozaliwa mama. Mimi nilikuwa nimeletwa kutoka kwetu Busi kumsaidia kuchunga ng'ombe wakati wa kiangazi. Mapajani mwake ilikuwapo ilimba: sanduku la mti lililochongwa likawa wazi ndani, na juu yake zimepangwa ndimi za chuma, misumari na spoku za baiskeli alizoziponda kwenye fuawe mpaka zikawa bapa. Unalishika sanduku kwa viganja viwili, unabonyeza ndimi kwa vidole gumba na kuziachia. Kifuani mwa sanduku pana tundu dogo, nalo babu alikuwa ameliziba kwa utando mweupe alioubandua kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Ukipiga, utando unatetemeka, na sauti inatoka na mvumo kama wa nyuki walio mbali. Mgeni akisikia mvumo ule hudhani chombo kimeharibika. Kwa Mgogo, ilimba isiyovuma ndiyo iliyoharibika.

Safu ya nyuma ndiyo iliyoninyima usingizi. Zilikuwa ndimi kamili, zimesuguliwa na kulinganishwa sauti kwa uangalifu uleule, lakini hakuna kidole kilichokwenda kwazo. Nilimuuliza babu zina kazi gani. Hakujibu kwa mdomo. Alipiga ulimi mmoja wa mbele, papo hapo akauzima kwa kidole, kisha akainua mkono ninyamaze. Sauti ilikuwa bado ipo. Ulimi wa nyuma, ulio ndugu wa sauti na ule wa mbele, ulikuwa unaitika peke yake.

“Umesikia? Huu hauguswi. Huu huitwa.”

Nimepiga vinanda kwa zaidi ya miaka 40, vya Italia na vya Japani, vya kanisani na vya hotelini. Sijakutana na mwalimu mwingine aliyenifundisha muziki mwingi hivyo kwa maneno machache hivyo.

Katikati ya safu ile ya nyuma palikuwa na pengo. Ulimi mmoja haukuwapo, na alama yake ilionekana wazi kwenye mti, nyeusi, pale chuma kilipolala miaka mingi. Nilijitolea kumpondea mwingine kwa msumari. Babu alinitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake.

“Acha. Ulimi huo una mwenyewe.”

Masika yaliyofuata alifariki. Mama alirudi Busi na ilimba ikiwa imeviringishwa kwenye kaniki, akanikabidhi bila neno.

Kinanda changu cha pili kilikuwa cha misheni ya jirani, cha kukanyaga kwa miguu ili kivute pumzi. Baba alikuwa Mwislamu, kama walivyo wengi kwetu Kondoa, naye alinipa ruhusa kwa sharti kwamba nisikose madrasa hata siku moja. Sikukosa. Asubuhi niliimba alifu na bee, jioni nikakanyaga kinanda cha misheni, usiku nikapiga ilimba. Mtoto wa Busi alikuwa na shule tatu za sauti kwa siku moja, na hakulipa hata senti.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahame kutoka Dar es Salaam yaje Dodoma. Kwetu uamuzi huo ulifika kwa njia ya malori. Vijana waliondoka wamekaa juu ya magunia ya ulezi na alizeti, wakarudi mwisho wa mwaka na redio begani. Mwaka 1976 na mimi nikapanda. Kondoa hadi Dodoma wakati huo ilikuwa siku nzima ya vumbi. Nilishuka nikiwa mwekundu mpaka kope, mkononi nina gunia lenye ilimba na shati moja la kubadilisha.

Bendi iliyonichukua sitaitaja. Itoshe kusema kwamba ilikuwa mali ya taasisi, kama bendi nyingi za zama zile. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ya polisi, nazo bendi za jeshi zilijaa kambini. Utaratibu huo uliwapa wanamuziki mshahara na heshima, jambo ambalo wapiga muziki wengi wa leo hawana. Lakini ulikuwa na upande wa pili. Gitaa si lako, ngoma si zako, kinanda si chako, na hata shati la jukwaani lina namba ya stoo. Ukihama, unaondoka na vidole vyako tu.

Kiongozi wa bendi alinisikiliza dakika tano.

“Kinanda umejifunzia wapi, dogo?”

“Misheni, kaka.”

“Na hilo gunia?”

“Mali ya babu.”

“Liache nyuma ya jukwaa.”

Kinanda nilichopewa kilikuwa Farfisa, kazi ya Italia, chenye miguu ya chuma inayokunjwa. Oktava yake ya chini rangi zimegeuzwa, vibao vyeupe vimekuwa vyeusi na vyeusi vimekuwa vyeupe, ili mkono wa kushoto ujue uko kwenye besi hata gizani. Sauti yake nyembamba na kali, ilipenya hata pale tarumbeta mbili zilipolia pamoja. Nilikipenda siku ya kwanza, na sioni haya kusema hivyo juu ya kitu cha umeme.

Karibu na kinanda hicho alikuwa akisimama Mkanada mmoja kila Jumamosi. Kampuni ya Toronto, Project Planning Associates, ndiyo iliyopewa kazi ya kuchora mpango wa mji mkuu mpya, na yeye alikuja na wachoraji hao. Jumamosi moja alinipa kanda. Upande mmoja Emerson, Lake & Palmer, upande wa pili Genesis. Ulikuwa muziki wa roki wa Uingereza uliotaka kujenga nyumba ya ghorofa kwa sauti, wimbo mmoja ukajaza karibu upande mzima wa sahani, na mhimili wa nyumba hiyo ukawa kinanda, gitaa likakaa pembeni. Mkanada alinieleza kila kitu kwa mikono. Keith Emerson alikuwa akichomeka visu katikati ya vibao vya kinanda cha Hammond ili sauti isikatike wakati yeye anageukia kinanda kingine. Tony Banks wa Genesis alikuwa na Mellotron, chombo ambacho chini ya kila kibao umelala utepe wa kanda wenye sauti ya fidla za kweli, nao hucheza kama sekunde 8 tu kisha unakwisha. Kinanda cha Moog, aliniambia, kinaimba sauti moja kwa wakati, kama mtu.

Visu vile vilinikaa moyoni. Mzungu anachoma kisu ili sauti iendelee bila kuguswa. Babu alipata hilohilo kwa msumari uliopondwa.

Usiku ninaotaka kuusimulia, ukumbi ulikuwa umejaa. Tulikuwa katikati ya chemko, watu wamelowa jasho, mimi nimefumba macho. Umeme ukakatika. Farfisa ikafa chini ya vidole vyangu, magitaa yakafa, zikabaki tumba peke yake, kisha nazo zikaona haya zikanyamaza. Kiongozi alinipigia kelele nilete taa. Nilipapasa nyuma ya jukwaa, nikaipata chemli, nikaiwasha, nikaikumbatia kwa mikono yote miwili nisiiangushe.

Hapo ndipo niliposikia mvumo.

Taa ilikuwa mikononi mwangu, na ilimba ya babu ilikuwa inapigwa.

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: umeme umekatika katikati ya dansi, na gizani kuna mtu anapiga ilimba. Endelea.

Niliinua chemli. Juu ya kasha la spika alikuwa amekaa mwanamume mrefu, koti la mitumba begani, kaniki kiunoni. Hakunitazama. Alikuwa anapiga kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango haujafungwa. Vidole gumba vyake vilicheza mbele tu, na safu ya nyuma ikamwitikia yote. Watu ukumbini walinyamaza. Mzee mmoja wa Kigogo, mlinzi wa geti, aliingia bila kofia akasimama.

Kisha kidole cha yule mtu kikatoka mbele, kikaenda nyuma, kikagusa pengo.

“Huu uko wapi?”

“Haukuwapo tangu zamani, kaka.”

“Nani alikutengenezea chombo hiki?”

“Babu yangu mzaa mama.”

“Babu yako,” alisema. Hakuliuliza neno hilo. Alilipima.

Aliniambia kwamba yuko mtu wa Doduma, Dodoma hii hii, Hukwe Zawose, aliyejifunza kwa baba yake huku akichunga ng'ombe. Mwalimu Nyerere alisikia habari zake, akamwita Dar es Salaam akapige kwa niaba ya nchi. “Huyo anaibeba mbele za watu. Wewe unaificha kwenye gunia.” Akataja bei. Ilikuwa mishahara yangu ya miezi mitatu. Nikakataa. Umeme ukarudi kwa kishindo, taa zote zikanichoma macho, na nilipoyafumbua kasha la spika lilikuwa tupu, ilimba imelazwa juu yake kwa adabu, uso juu.

Baada ya usiku ule nikaanza kupiga Farfisa kwa namna nyingine. Nilichomeka njiti ya kiberiti kando ya kibao kimoja cha chini ili sauti ishikilie mfululizo, kisha juu yake nikapiga vipande vifupi vifupi kama vya ilimba. Tulipopanda treni kwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, mambo yalikuwa ya wakati ule: bendi nzima inapiga kwa pamoja, mwimbaji akikosea mnarudia wote. Fundi mitambo alisimamisha kazi mara mbili akidai kuna kibao kimekwama. Kiongozi wangu, Mungu amrehemu, alimjibu: “Hakijakwama. Kinaitika.” Kumbe alikuwa ananisikiliza siku zote.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vita ilikwisha mwaka uliofuata, na sisi tuliipigia muziki, tukawapigia waliokwenda na waliorudi. Ilipokwisha, nchi ilikuwa imechoka. Hakuna mafuta, hakuna sabuni, hakuna nyuzi za gitaa. Farfisa ilipozima kwa mara ya mwisho hapakuwa na fundi mwenye kipuri. Ikarudishwa stoo kwa barua, stoo ikafungwa, na miezi michache baadaye bendi nayo ikafungwa. Nilisimama nje ya geti nikiwa na vidole vyangu, na gunia.

Hapo ndipo nilipoapa kuwa na kinanda changu mwenyewe.

Nilihamia Dar es Salaam nikapanga chumba Magomeni. Mwanzoni mwa mwaka 1983 baharia mmoja alinionyesha Casio ndogo iliyopita Unguja, nyeupe, nyepesi kama mtoto mchanga, ya kutumia betri au umeme. Ina midundo yake ndani, haihitaji hata mpiga ngoma. Leo mtu angeiita kitu cha kuchezea watoto. Mimi niliona ukombozi wangu. Fedha zilipungua, nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo aliyekuwa akikopesha kwa rehani. Aliipindua ilimba mkononi, akaangalia safu ya nyuma, akaacha kutafuna tambuu.

“Hii ina pengo.”

“Ndiyo, mzee.”

“Kuna mtu huwa anapita hapa kuulizia ilimba yenye pengo.”

Ningeondoka na mali ya babu wakati uleule. Nililijua hilo, na miguu yangu pia ililijua. Lakini nilikuwa na miaka 26 na kinanda chenye sauti nane kilikuwa kinaningoja. Nikaweka sahihi. Miezi miwili, mkopo na faida, la sivyo ilimba inauzwa.

Nilipiga Casio ile kwenye harusi tatu. Harusi ya nne haikufika. Mwishoni mwa Machi serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza msako wa wahujumu uchumi. Nyumba zilipekuliwa. Bidhaa za magendo na mali zisizo na stakabadhi zilikamatwa, na usiku watu walitupa mitaroni vitabu vya fedha, vitenge, redio, vitu walivyovitolea jasho. Casio yangu ilikuwa chini ya kitanda, haina karatasi hata moja.

Saa nane usiku, mlango wa chumba changu ukagongwa. Mara tatu, polepole, kwa kitu cha chuma.

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: msako umeanza, Casio isiyo na stakabadhi iko chini ya kitanda, mlango unagongwa. Endelea.

Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, tochi yake mkononi.

“Mwanangu, alfajiri nyumba hii inapekuliwa. Mimi sijaona kitu. Wala sitaki kukiona.”

Akaondoka. Nilifunga Casio kwenye karatasi ya nailoni, nikashuka nayo bonde la Msimbazi, nikaifukia mahali nilipopaweka alama kwa jiwe. Sikumlaumu balozi, na hata mpango ule wa serikali sikuuchukia, kwa sababu niliona kwa macho yangu mama wajawazito wakipanga foleni ya sukari huku magunia yamefichwa. Nilichokililia ni kwamba chuma na mbao za mtu anayefanya kazi ya kufurahisha watu vilihesabiwa sawa na magunia hayo.

Masika yakaja. Bonde likajaa. Maji yalipopungua, hata jiwe langu halikuwapo.

Kariakoo nilikuta kufuli. Mfanyabiashara amechukuliwa, mali zake zimepakiwa lori usiku, na jirani yake alikumbuka kuona “kitu kama marimba” juu ya mabunda ya khanga. Kwa hiyo katika mwezi mmoja nilikuwa nimepoteza kinanda cha mbele na kilichokuwa nyuma yangu.

Miaka iliyofuata naipitia haraka, kwa maana haikuwa na mengi ya moyo. Mwaka 1984 watu waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na vyombo vikaanza kumiminika kutoka Dubai. Nilipiga Yamaha DX7 ya hoteli moja ya ufukweni, vibao 61, chombo kilichotoka Japani mwaka 1983 kikatoa kengele na piano za kioo kwa hesabu za ndani yake tu. Nilipiga Korg ya kikundi cha taarabu miaka ya 1990, pale kinanda kilipokula kazi ya fidla, akodioni na nusu ya okestra. Hatimaye nikanunua Korg yangu mwenyewe, kwa stakabadhi, ninayo mpaka leo hiyo stakabadhi. Ilikuwa na sauti mamia. Nilizipitia zote usiku mmoja, moja moja, nikitafuta ile ya ulimi unaoitwa. Haikuwamo.

Mwaka 2002 rafiki alinisomea habari gazetini. Peter Gabriel, yule mwimbaji wa Genesis wa kwenye kanda ya Mkanada, aliyeacha bendi hiyo mwaka 1975 na baadaye akaanzisha lebo ya Real World, alikuwa ziarani Marekani. Na waliopanda jukwaani kabla yake walikuwa Hukwe Zawose na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake. Mwaka uleule Hukwe alitoa sahani iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji wa Kikanada. Nilimwambia rafiki asome tena. Nilikuwa nimetumia nusu ya maisha nikiwakimbilia watu wale kwa vinanda vya kuazima, nao walikuwa wamekifuata kwa Mgogo kile nilichokiweka rehani.

Nikaamua kwenda Bagamoyo. Zawose alikaa huko tangu zamani za Chuo cha Sanaa, akifundisha, na nyumba yake imejaa wapigaji. Nilitaka kumuuliza jambo moja: ilimba za zamani zikipotea Dar es Salaam, huishia wapi? Nikaahirisha kwa ajili ya kazi. Nikaahirisha tena kwa ajili ya homa. Tarehe 30 Desemba 2003 redio ikatangaza kwamba Hukwe Zawose amefariki dunia.

Msomaji, kama una mzee unayetaka kumuuliza neno, ondoka leo.

Nilikwenda Januari, nikiwa sina wa kumuuliza. Sikuthubutu kuisumbua familia yenye msiba. Nilizunguka tu vichochoro vya mji mkongwe, mpaka kwenye kibanda cha fundi mmoja wa zeze na marimba. Ukutani zilining'inia ilimba sita. Sikuzihesabu ndimi. Nilipiga kofi moja, kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya babu kuijaribu ilimba asiyoifahamu. Ya nne kutoka mlangoni ikavuma.

Nilipoishusha, pengo lilikuwa palepale.

“Hiyo siuzi,” fundi alisema. “Nimewekewa. Mwenye kuniwekea alisema atakuja na ulimi wake.”

“Lini?”

“Ilikuwa mwaka 1991.”

Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu niliuza Korg, na stakabadhi nikabaki nayo. Nilirudi Busi na ilimba, nikaiviringisha tena kwenye kaniki ileile, maana mama alikuwa ameihifadhi.

Sasa mimi ni mtu mzima. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na safari iliyonila siku nzima vijana wanaimaliza kabla chai haijapoa tumboni. Mwaka 2023 nilisikia kwamba piano ya Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja ambaye dunia inamwita Freddie Mercury, imeuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Ni Yamaha aliyoinunua mwaka 1975, akatungia juu yake Bohemian Rhapsody. Wenzangu walishangaa bei. Mimi nilichokishika ni kwamba kinanda kilikuwa chake mwenyewe, na alikaa nacho mpaka alipofariki. Kwa hilo nilimwonea wivu, na bado namwonea.

Mjukuu wangu wa kike ndiye anayeipiga ilimba sasa. Nilimwekea sharti lilelile la babu. Mwaka jana alikwenda nayo Chamwino, kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, akapiga mbele ya wazee wenye kuujua muziki huo. Walimtunza. Mmoja wao, aliniambia, hakutunza wala hakupiga makofi. Aliuliza tu: “Hiki chombo kinalala kijiji gani?” Naye, mtoto mwenye adabu, akajibu: “Busi, babu.”

Alhamisi iliyopita, jua likielekea kuzama, mbwa walibweka nikasikia fimbo mlangoni.

“Mbukwenyi.”

“Mbukwa, mzee. Karibu ndani.”

Alikuwa amepinda mgongo, lakini urefu ule haupotei. Nilimletea kigoda na maji. Alikunywa yote, akapangusa mdomo, akasema hana haja ya salamu ndefu kwa sababu tulikwisha kuonana, usiku, kwa mwanga wa chemli. Kisha akafungua fundo la leso na kulaza kitu mezani. Kilikuwa ulimi wa chuma, bapa, mweusi kwa uzee, ncha yake imepinda kidogo upande wa kushoto.

Mjukuu wangu alinitazama. Nikamkubalia kwa kichwa. Aliuchukua, akausogeza kwenye pengo, akausukuma chini ya daraja. Uliingia bila nyundo na bila kukwaruza, mpaka kwenye ile alama nyeusi, ukajaa pote.

“Piga wa mbele,” mzee alisema.

Mtoto akapiga, akauzima kwa kidole. Chumbani pakabaki sauti moja nzito ambayo masikio yangu hayakuwahi kuisikia kutoka kwa chombo kile tangu nizaliwe. Ilidumu. Mbwa nje walinyamaza.

Mzee alingoja mpaka ikaisha kabisa.

“Ilimba hii hakuichonga babu yako,” alisema. “Aliichonga baba yangu. Babu yako aliondoka nayo usiku mmoja, na huu ndio ulimi pekee uliobaki mkononi mwa baba kwa kuwa aliung'ang'ania. Nimekuja na vitu viwili, mwanangu. Kimoja umekwisha kukiona.”

Akaingiza mkono ndani ya koti.

Itaendelea Jumamosi ijayo.